Ndugu Aliyeachwa Juu ya Mninga

Mshale wa mizani ulirudi nyuma, na Deodata muuguzi akadhani macho yake ndiyo yenye kosa. Akagonga kioo kwa ukucha. Akamtoa mtoto kwenye kile kikaptula cha kuning'inia, akamtikisa kidogo, akamrudisha. Mshale ukasimama palepale.

"Mama Niragira," akasema, "mwezi uliopita huyu alikuwa kilo sita na nusu. Leo ni tano. Ananyonya?"

"Mpaka ananiuma," akajibu Dafroza.

Na haikuwa uongo. Kila mama aliyekuwa kwenye foleni ya zahanati siku ile ya Machi alikiona kile kitoto: mapaja yenye mikunjo, mashavu ya kubonyeza, shingo haionekani. Mtoto wa mwenzao Melania, mwembamba wa kuhesabika mbavu, alipandishwa akasoma kilo sita kamili. Mizani ilikuwa nzima. Deodata akaandika tano kwenye kadi, akamwambia Dafroza arudi baada ya wiki mbili, na hakumtazama usoni alipokuwa anasema.

Njiani kurudi, Dafroza alipeleka mkono mgongoni mara mbili kuhakikisha mtoto yumo. Alikuwemo. Ila mbeleko ilikuwa imelegea, na mgongo haukuhisi kitu. Huyu Niragira alikuwa wa tatu. Wawili wa kwanza walikuwa wamelala nyuma ya kigango, kila mmoja na msalaba wake wa fito. Dafroza alikuwa amekwisha mwambia Mungu, tena kwa sauti, kwamba wa tatu hamtoi, na asije akamwomba.

Sasa nikueleze habari ya kitambaa, maana shetani aliingia nyumba ile akiwa amekunjwa vizuri.

Mwaka ule wa vita nguo ilikuwa ndoto. Kwenye duka la kijiji pale Nyantakara wanawake walipanga mstari tangu alfajiri, saa nne wakaambiwa kimekuja kiberiti tu, kila kaya kimoja, na hicho nacho kina unyevu. Niragira alizaliwa Desemba akapokelewa kwa kaniki yenye matundu. Basi siku moja ya Januari, jioni, mumewe Celestini akarudi kutoka porini alikokwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki, na ndani ya ndoo ya asali hamkuwa na asali. Mlikuwa na kitambaa. Cheupe, laini, chepesi, kirefu mno, na kamba nyembamba zimekatwa kwa kisu pembeni.

"Ni mwavuli wa ndege," Celestini akasema. "Nimeukuta umenasa mtini."

"Na mwenyewe?"

"Hapakuwa na mtu. Pengine aliteremka akaenda zake. Tulia, mama. Mtoto amepata nguo."

Dafroza alifurahi, kwa nini nimfiche? Alifurahi akakivuta kitambaa shavuni. Ila jioni ileile aliona jambo ambalo hakulielewa. Mumewe alikwenda nyuma ya nyumba, akachuma mubirizi, yale majani machungu ambayo watu wa kwao Burundi hunywa wakitaka kutapika, akayatwanga, akanywa bakuli zima. Akatapika kwenye shina la mgomba mpaka akapiga magoti. "Nyongo," alisema alipoulizwa. Akalala bila kula.

Siku ya tatu Landrova ya jeshi ikaja. Sajini mmoja mfupi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasimama uani mwao kama alivyosimama kwenye nyua zote za mstari ule wa nyumba.

"Rubani wetu ameruka," alisema. "Injini ilishika moto akitokea vitani. Wenzake waliuona mwavuli ukifunguka, kwa hiyo angani alinusurika. Ndege tumeiona ilipoangukia, yeye bado. Kuna aliyeona chochote?"

"Hapana, afande," akasema Celestini.

Sajini akamgeukia Dafroza. Kitambaa kilikuwa chini ya godoro la majani, na mtoto amelala juu yake. Dafroza akatikisa kichwa. Kwani kuna ubaya gani, alijiambia. Mtu hayupo, kitambaa hakiwezi kuwaonyesha alikokwenda. Landrova ikaondoka. Ilipopotea, Celestini aliingia ndani akakaa kitandani, akawasha msokoto, akauvuta hadi ukamuunguza vidole.

Hayo yalikuwa Januari. Kufika Machi, ule mgomba ulikuwa umekauka, na migomba mitano iliyouzunguka nayo, duara kamili, majani yameungua ncha kama yaliyopitiwa na moto. Pale palinuka mafuta ya taa. Dafroza alimwaga maji, akamwaga majivu, harufu haikutoka. Na kila siku saa kumi jioni, jua likiwa bado kali na watu wako mashambani, ndani ya nyumba yake kulisikika kitu kinalia taratibu juu kwenye boriti, kwii, kwii, kama kamba iliyobeba mzigo mzito unaoyumba. Alipanda kuangalia. Hapakuwa na kamba wala mzigo.

Siku ile ya mizani, saa kumi ilimkuta jikoni. Mtoto alikuwa amemlaza mkekani ndani, amefungwa kitambaa chake. Dafroza akasikia kwii ile, akaipuuza kama siku zote, akaendelea kumenya ndizi. Kisha ikanyamaza. Kule kunyamaza ndiko kulikomwinua, akatupa kisu, akakimbia akiwa na ndizi mkononi, akasukuma mlango, na alichokiona kikamfanya asiweze kupiga kelele wala kurudi nyuma, kwa maana kitambaa kilikuwa kimejaa upepo ndani ya chumba ambacho hakikuwa hata na dirisha, kimevimba pande zote, kimekaza, na katikati yake Niragira alikuwa ameinuka kutoka mkekani kiasi cha shubiri moja, halafu mbili, ametulia, halii, macho yake yameelekea juu kwenye boriti, na mikono yake miwili ameinyoosha kama mtoto anayetaka kubebwa na mtu anayemjua.

Akamrukia. Akamkumbatia, akamng'oa kwenye kitambaa, akaanguka naye chini. Na hapo juu yake, karibu kabisa, sauti ya mwanamume aliyekaukiwa koo ikauliza kwa upole, kwa Kihangaza, lugha ya watu wa Ngara:

"Ndugu yangu amekuja na ngazi?"

Celestini alikuwa amesimama mlangoni. Dafroza hakumwona alipofika. Uso wake ulikuwa wa kijivu, na hakumtazama mke wala mtoto, alitazama boriti.

"Niache!" alisema kwa kunong'ona. "Nilikutapika! Nilikutapika siku ileile, hatudaiani!"

Dafroza akamgeukia polepole.

"Baba Niragira," akasema, "unaongea na nani?"

"Na jini. Ni jini tu."

"Jini linalokuita ndugu?"

Celestini akageukia ukuta. Mwanamume mzima, anakwangua ukuta kwa kidole! Basi Dafroza hakumsubiri. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kaniki ile ya zamani, akavuka kijiji hadi kwa Ntirampeba, mama mzee aliyekuja na wakimbizi wa mwanzo, ambaye padri alimkataza kuagua na watu wakaendelea kwenda kwake wakipitia mlango wa nyuma. Celestini alifuata kwa mbali. Aliogopa kubaki peke yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mlete huyo mtoto." Ntirampeba akampokea Niragira kwenye viganja, akampandisha na kumshusha. Akamnusa kichwani. Akamrudisha haraka. Kisha akamtazama Celestini, ambaye alibaki kizingitini. "Na wewe usijifiche. Ulinywana na nani?"

Dafroza alilijua neno lile tangu utotoni. Kunywana ni kuchanjana tumboni na kunywa damu, wewe yangu na mimi yako, na kutoka hapo huyo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Anayemsaliti mwenziwe, kiapo kinamla.

"Celestini," akasema, na siku zote hakuwa akimwita jina mumewe. "Sema."

Akasema. Akakaa chini akasema yote, akitazama miguu yake.

Rubani alikuwapo. Alikuwa amenasa kwenye mninga, juu, kamba za mwavuli zimezunguka matawi, yeye ananing'inia kwenye mikanda yake. Hai. Kijana, jina lake Luteni Emilian, mzaliwa wa kijiji cha Mugoma kule Ngara. Alisema alivuta mpini, kiti kikafyatuka naye kutoka kwenye moto, na kile kishindo kikamvunja mgongo. Miguu alikuwa haisikii. Celestini alipanda mti akakaa tawini kando yake. Peke yake hakuweza kumshusha. Akamwambia, nitakwenda kuleta watu na ngazi. Yule kijana akamshika mkono asimwachie. Aliogopa. Alisema watu wanaogopa vitu vinavyoanguka kutoka juu, wataniacha. Kama wewe ni mtu wa kwetu, tunywane, ndipo uende. Celestini alikuwa na kibuyu cha pombe ya ndizi. Wakachanjana kwa kisu cha rubani, wakatia damu kibuyuni, wakanywa, na kila mmoja akatamka: nikikuacha, kiapo kinile mimi na uzao wangu.

"Halafu?" akauliza Ntirampeba.

"Halafu nikamwambia anipe kitambaa nikawaonyeshe watu, wasije wakadhani nimelewa. Akakubali. Nikafunga mikanda yake vizuri kwenye tawi, nikakata kitambaa. Nilikuwa nakwenda kwa balozi wa nyumba kumi, bibi, haki ya Mungu. Nikapita nyumbani kwanza. Nikamwona mtoto kwenye kaniki imetoboka. Nikasema, nikienda, serikali itachukua kitambaa. Nikasema nitakwenda asubuhi, nitasema sikuona kitambaa. Asubuhi nikasema wataniuliza kwa nini hukusema jana. Sisi tunaotoka Burundi, mgambo wanatutazama kwa jicho la shaka. Kila siku ikazidi kuwa ngumu."

"Sajini alikuja siku ya tatu," Dafroza akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku ya tatu alikuwa bado hai?"

Celestini akapangusa vumbi kwenye goti lake.

"Alikuwa hai, baba Niragira?"

"Nilikwenda siku ya nne. Alikuwa anaongea. Sikumkaribia, nilisikia tu. Aliuliza kama nimekuja na ngazi." Akafuta uso. "Nilifanya kwa ajili yenu. Wewe na mtoto."

"Koma!" Dafroza alisema. "Mimi usinitie. Uliniambia hapakuwa na mtu. Ukanisimamisha mbele ya sajini nikatikisa kichwa juu ya mtu aliye hai, na mimi simjui, na wewe unamjua!" Akalia sasa, kwa hasira, na machozi yakamdondokea mtoto. Miaka saba ya ndoa. Alikuwa amezika watoto wawili na mwanamume huyu, wakashika jembe moja pamoja, na kumbe alikuwa anaweza kukaa kimya namna ile, akala ugali, akalala, akacheka na jirani.

Ntirampeba akakoroga majivu ya moto wake.

"Hili si jini," alisema. "Jini ungelifukiza ubani likaondoka. Huyu ni ndugu yako, amekuja kwako kama ndugu anavyokuja. Ukadhani ukitapika damu yake umejitoa. Mjinga wewe! Ulipomtapika nyuma ya nyumba ulimpa kiwanja. Kesho saa kumi uende na ngazi na maji. Umwombe radhi, umshushe, umwambie mwenyekiti, apelekwe kwa mama yake kule Mugoma. Na mtoto msimpeleke. Msimsogeze kabisa pale."

Kesho yake Dafroza alikwenda kisimani, akamwacha Celestini anaunga ngazi. Aliporudi alimkuta amekwisha mvika mtoto. Kile kitambaa cheupe.

"Nimepita kwa bibi," Celestini akasema. "Amebadili. Ameona usiku kwamba mtoto lazima aonekane, ndipo kiapo kimwachie."

Dafroza akasita. Lakini mtoto alikuwa mwepesi siku ile mpaka hata shati lingemzidi uzito, na mama mwenye hofu ya namna ile humwamini hata aliyekwisha mdanganya. Akambeba. Wakaenda.

Ni mwendo wa saa mbili kuingia porini. Hapakuwa na ndege aliyelia kuanzia mbugani. Walipoukaribia mninga harufu ya mafuta iliwajia kwanza, kisha ile kwii, kwii, na kisha Dafroza akainua macho akamwona, akining'inia kwenye mikanda yake, kofia ngumu bado iko kichwani, ovaroli imekauka juu ya mifupa, buti mbili zikizunguka taratibu ingawa hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani.

"Nipe mtoto nimshike, wewe mimina maji chini ya mti," Celestini akasema. Sauti yake ilikuwa tamu, sauti ya uchumba.

Akampa. Akainama na kibuyu. Akasikia ngazi inalia. Alipogeuka, Celestini alikuwa amepanda vipago vinne, vitano, mtoto amemnyanyua juu kwa mikono miwili kuelekea zile buti, na alikuwa anasema haraka haraka, akimeza maneno: "Ndugu, tuliapa mimi na uzao wangu, nimekuletea uzao wangu, huyu hapa, anaitwa Niragira, ni mwanamume, mchukue yeye tumalizane, uniache mimi, ndugu yangu, uniache mimi," na kitambaa kikaanza kujaa, kikavimba kikawa kikubwa kuliko Celestini mwenyewe, na vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja, na mtoto hakuanguka.

Alibaki hewani. Akaanza kupanda.

Dafroza hakujua maneno yalitoka wapi. Aliyatoa kwa sauti ya msibani, ya mwanamke anayegomba na ukoo mzima.

"Shemeji! Shemeji Emilian! Nisikilize mimi, mke wa nduguyo! Mimi sikunywa na wewe. Mtoto huyu hakunywa na wewe. Nilitikisa kichwa mbele ya sajini, kosa hilo ni langu, nihukumu nalo siku yoyote unayotaka. Lakini aliyekaa nawe tawini akanywa damu yako ni huyo aliye kwenye ngazi! Huyo hapo! Mwanangu niachie, shemeji, nakuomba. Ndugu yako umemwona!"

Zile buti zikaacha kuzunguka.

Kitambaa kikanywea mara moja, na Niragira akamdondokea mama yake kifuani kwa uzito uliomwangusha chali, uzito wa mtoto mnono wa miezi mitatu, na akaanza kulia, kilio kizuri kabisa cha njaa. Dafroza akakirarua kitambaa kutoka mwilini mwake akakitupa majanini. Juu, kitu kikalia kwa sauti ya chuma. Ta. Kifungo cha mkanda. Ta. Kingine.

"Mama Niragira," Celestini akasema. Alikuwa ameng'ang'ania ngazi, kichwa amekigeuza asione kilichoshika bega lake. "Mama Niragira, nishike miguu. Nivute. Dafroza!"

Dafroza akasimama na mtoto wake. Akamtazama mumewe vizuri, kama mtu anayetaka kukumbuka sura. Kisha akaliweka bega lake kwenye ngazi, akaisukuma, nayo ikaanguka kichakani. Celestini hakuanguka nayo.

"Usiniache!" akalia kutoka juu. "Mke wangu, usiniache huku!"

"Nakwenda kuleta watu," Dafroza akasema.

Na alikwenda. Hakupita nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa balozi, miguu imejaa miiba, akasema yote mbele ya mashahidi, ya mwavuli na ya kutikisa kichwa. Akalala chini ya ulinzi wa mgambo kwenye ofisi ya kijiji, akamnyonyesha mtoto wake mpaka asubuhi. Adhuhuri Landrova ilifika na sajini yuleyule mfupi, na Dafroza akawaongoza mpaka kwenye mninga.

Askari wawili walipanda. Walikaa juu muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Kisha mmoja akateremka peke yake, akaenda kwa sajini.

"Wako wawili, afande."

"Wawili vipi? Ndege ile ni ya mtu mmoja."

"Wamefungwa mkanda mmoja, kifua kwa kifua. Mmoja ana ovaroli. Mwingine ana kaptura na shati la raia. Wote ni mifupa mitupu, afande, imekauka sawasawa. Wamekufa siku moja hawa, tena zamani. Ila huyu wa raia," askari akafungua kiganja, "nimemkuta na hii mdomoni. Bado ni ya moto."

Ulikuwa msokoto, umevutwa nusu, na moshi wake ulikuwa unapanda.

Sajini akautazama mpaka ukazimika. Kisha akamgeukia Dafroza, aliyekuwa amekaa chini ananyonyesha, mgongo ameupa mti.

"Mama, huyu wa pili ni nani?"

Dafroza akambadilisha mtoto titi la pili kabla ya kujibu.

"Ni ndugu yake," alisema. "Waandikeni pamoja."